Ndege Walio Karibu na Mkono



Ndugu msomaji, shukrani zote njema anazistahiki Allah (Swt), Mola aliyewaumba ndege na kuwashikilia angani pasi na nguzo. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Saw), jamaa zake na sahaba zake wote.

Wiki iliyopita niliahidi kuwa safu hii itaeleza safari niliyoifanya pamoja na binti yangu na mjukuu wangu katika kisiwa cha ndege. Naitimiza leo ahadi hiyo. Naomba nitahadharishe mapema kwamba safari yenyewe ilikuwa ya saa chache, ila imenilazimisha kukiri jambo nililolinyamazia kwa zaidi ya miaka hamsini.

Binti yangu ameolewa na anaishi Mahe, kisiwa kikubwa cha Shelisheli. Nchi ile ina visiwa 115 vilivyotawanyika katika Bahari ya Hindi, mashariki ya pwani yetu. Waislamu wa huko ni wachache, lakini mji mkuu wa Victoria una msikiti, na Ijumaa ya kwanza nilipoingia humo kuswali sikujihisi mgeni. Baada ya siku chache binti yangu akaniambia, “Baba, kabla hujarudi nyumbani, nataka ukaone Cousin.” Nikadhani ananipeleka kwa jamaa ya mumewe. Kumbe Cousin ni jina la kisiwa.

Tulivuka kutoka Mahe hadi kisiwa cha Praslin kwa boti ya abiria, tukalala huko, na asubuhi tukateremka pwani. Cousin kiko umbali wa kilomita 2 hivi kutoka Praslin, lakini ni kama kimejitenga na dunia. Hakina mji wala hoteli, hakina gati wala duka. Eneo lake halifiki hata hekta 30. Mgeni haruhusiwi kulala wala kwenda na chakula akaandalie huko. Wanaoishi pale ni walinzi wachache wa hifadhi na watafiti. Wengine wote ni viumbe wenye mbawa, wenye magamba na wenye magome mgongoni.

Jambo la kwanza lililonishangaza ni namna ya kuingia. Boti iliyotuchukua kutoka Praslin haikuruhusiwa kugusa mchanga wa kisiwa. Ilisimama majini, ikaja boti nyingine ya hifadhi yenyewe, nasi tukahamishiwa humo mmoja mmoja. Binti yangu akanifafanulia kuwa wanamhofia panya. Panya akijificha ndani ya chombo au mzigo na kufika nchi kavu, atazaana, na mayai yaliyotagwa chini hayatasalimika. Visiwa vingi vya bahari hii viliharibika kwa njia hiyo tangu zama za majahazi na meli za zamani. Cousin ni miongoni mwa vichache ambavyo panya hawajapata kuvitawala. Nahodha alisubiri wimbi, akaiacha boti ikimbie mbele yake hadi ikapanda mchangani kwa kishindo. Mjukuu wangu, mwenye umri wa miaka tisa, alicheka. Mimi nilileta shahada.

Tulipokwisha kusimama vizuri, mlinzi mmoja wa hifadhi alitukusanya chini ya mti na kutupa masharti. Tufuate njia zilizowekwa na tusizitoke. Tusiguse ndege, yai wala kinda. Tusiokote kitu, hata gamba la kome. Tusipige kelele. Akaeleza na sababu ya sharti la kwanza: kuna ndege wa bahari wanaochimba mashimo ardhini na kutaga humo. Mchana huwaoni, kwani wazazi mmoja yuko baharini na mwingine yuko ndani ya shimo kimya. Usiku ndipo hurejea, na sauti zao ni kama vilio vya watoto. Mtu akiikanyaga ardhi ile ovyo, dari ya shimo humbomokea mama na yai lake, naye mkanyagaji akaenda zake bila hata kujua alilolifanya.

Maneno hayo yalinikaa moyoni. Ni mara ngapi tunabomoa nyumba ya mwingine kwa kuwa tu hatukutazama tunapokanyaga?

Basi tukaingia msituni. Ndugu msomaji, mimi ni mtu wa pwani, nimezaliwa Kizimkazi na nimekulia juu ya mashua. Shakwe na buabua nimewaona maisha yangu yote, lakini nimewaona wakiruka, wakiwa mbali, wakinikimbia. Pale Cousin walikuwa wamekaa. Juu ya matawi ya miti ambayo wenyeji huiita mapou, buabua weusi wenye utosi mweupe walikuwa wamejenga matago ya majani makavu kwa mamia, wengine usawa wa uso wangu. Niliposogea hawakuinuka. Walinitazama kwa jicho moja, kisha wakaendelea na shughuli zao. Dume mmoja alimletea jike jani, jike akalikagua, akalitupa. Dume akaenda kutafuta lingine. Binti yangu akanong'ona, “Baba, unamkumbusha mtu?” Nikamwambia marehemu mama yake hakuwa mgumu kiasi hicho.

Chini ya mti mwingine, kwenye makutano ya mizizi, alikuwa ameketi ndege mweupe pepepe mwenye manyoya mawili marefu mkiani. Huyu hutaga juu ya ardhi tupu. Miguu yake haikuumbwa kwa kutembea. Mtu akimwendea hana mbio. Tulipita kiasi cha hatua mbili kutoka kwake. Hakutikisika.

Lakini aliyetusimamisha kwa muda mrefu zaidi ni buabua mweupe. Ndege huyu hajengi kiota kabisa. Hutaga yai moja tu, akaliweka juu ya tawi tupu, penye kibonyeo kidogo kama sehemu ya kushikia kidole. Hakuna jani, hakuna unyasi, hakuna ukingo. Upepo unavuma, tawi linayumba, na yai limekaa. Baba na mama hupokezana kuliatamia. Kinda akianguliwa huwa tayari ana kucha zenye nguvu, na kazi yake ya kwanza duniani ni kushikilia tawi. Kisha mzazi hurejea kutoka baharini akiwa na visamaki kadhaa vilivyopangwa mdomoni kama sindano, na kinda hula pale pale alipozaliwa. Nilisema Subhaanallah kwa sauti, mlinzi akanitazama akatabasamu.

Yai lile lilikuwa juu ya tawi lililoinama, usawa wa kifua cha mjukuu wangu. Mzazi alikuwa amesogea pembeni kidogo. Nikauona mkono wa mtoto ukiinuka taratibu, kidole kimenyooshwa. Nilitaka kumkemea, lakini kabla sijafungua kinywa, mwenyewe akaurudisha mkono, akauficha nyuma ya mgongo, na wa pili akauficha pia. Kisha akaniuliza, “Babu, mbona hawatukimbii?”

Mlinzi alipofasiriwa swali hilo alijibu kwamba kisiwani hapo ndege hawa hawajafukuzwa wala kuchukuliwa mayai kwa miaka mingi. Ndege wa bahari huishi umri mrefu. Wengine huzidi miaka 20. Kwa hiyo wengi wa hawa tunaowaona, wao na wazazi wao, hawajaona ubaya wa mkono wa mwanadamu kisiwani humu.

Mtoto akanigeukia. “Na wa kwetu wanakimbia kwa sababu wameuona?”

Nikamwambia ndiyo.

“Babu, na wewe uliwahi kuwachukulia mayai yao?”

Ndugu msomaji, sisi wazazi tuna hodari wa kukwepa maswali ya watoto. Ningeweza kumwambia kwamba mambo hayo ni ya zamani. Lakini tulikuwa mbele ya yai lile, na mikono yake ingali nyuma ya mgongo. Nikamsimulia, na sasa nawasimulia nyinyi.

Kusini mashariki ya Unguja, mbali katika bahari ya kina kirefu, kuna kisiwa kidogo sana cha matumbawe ambacho sisi tunakiita Fungu Kizimkazi. Katika ramani za Wazungu kimeandikwa Latham. Ni bapa, hakina mti hata mmoja wala maji ya kunywa. Lakini ndege wa bahari huzaana pale kwa wingi, wakiwa wametaga juu ya ardhi, na kasa hupanda kutaga mchangani. Nilipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili, mjomba wangu, Allah amrehemu, alinichukua katika mashua yake msimu wa maleleji, bahari ilipokuwa imetulia. Alikwenda kuvua. Alipokuwa anashughulika na mishipi yake, mimi na kijana mwingine tulishuka na makapu.

Ndege waliinuka mpaka jua likafifia. Kelele zao sijazisahau. Tukaanza kuokota. Hapakuwa na kazi ya kutafuta. Palikuwa na kazi ya kuchagua pa kuweka mguu, nasi hatukuchagua. Kulikuwa na ndege mmoja mkubwa, mweupe, mwenye weusi usoni mithili ya barakoa. Huyo hakuruka na wenzake. Alibaki juu ya yai lake, akinitolea mdomo. Nilimsukuma kwa kasia, nikalichukua yai likiwa na joto. Tulijaza makapu manne.

Upepo ulitukatikia njiani, jua likatuchoma, na makapu yakachomwa pamoja nasi. Tulipofika pwani kina mama wakayatia mayai majini kuyapima. Mengi yalielea. Walipovunja machache wakakuta makinda yamekwisha kuumbika, na mengine yalikuwa karibu kuanguliwa. Karibu makapu matatu kati ya manne yalimwagwa. Bibi yangu, aliyenilea, hakunipiga. Aliniuliza tu, “Nyumbani kulikuwa na njaa gani?”

Sikuwa na jibu. Hatukuwa na njaa. Tuliyachukua kwa kuwa yalikuwa karibu na mkono.

Nilipomaliza kusimulia, mjukuu wangu hakusema neno. Tukaendelea kutembea, naye akanishika mkono, jambo ambalo kwa umri wake sasa hulifanya mara chache.

Usiku ule, baada ya Isha, nilifungua msahafu katika Suratul Maida. Katika aya ya 94 Allah (Swt) anawajulisha waumini kwamba atawatia mtihani kwa baadhi ya viwindwa ambavyo mikono yao na mikuki yao inaweza kuvifikia, ili ajulikane ni nani anayemcha Yeye hali ya kuwa hamuoni. Wafasiri wameieleza aya hii kuwa inahusu waliohirimia, ambao wameharamishiwa kuwinda wanyama wa nchi kavu. Wapo waliosema kwamba iliteremka katika safari ya Hudaybiya, pale wanyama na ndege walipowajia masahaba hadi kwenye kambi zao. Na miongoni mwa wafasiri wa mwanzo, akiwemo Mujahid, wamesema kuwa kinachofikiwa na mikuki ni viwindwa vikubwa, na kinachofikiwa na mikono ni vidogo: makinda na mayai.

Aya hii nimeisoma tangu utoto chuoni, ila sikuwahi kuifikiri kama nilivyoifikiri usiku ule. Mtihani wenyewe ulikuwa katika wepesi. Kuacha kitu usichokiweza hakuhitaji uchamungu. Mtu hupimwa kwa kitu kilichosogea mwenyewe, kisichokimbia, hali hakuna mlinzi wala shahidi.

Sisemi kwamba mwenye kufika kisiwa cha ndege amehirimia, wala safu hii si mahali pa kutoa fatwa. Chakula cha halali ni halali, na mwenye njaa ana hukumu yake. Hata huko Shelisheli kwenyewe mayai ya aina moja ya buabua ni chakula cha jadi. Serikali huweka msimu na kiwango cha kuokota, na miaka mingine huzuia kabisa ili ndege wapumue. Ninachosema ni kwamba dini yetu imetufundisha kuwa kuna mahali na kuna nyakati ambapo mkono hurudishwa nyuma ingawa unaweza kufika, na kwamba kurudisha huko ni ibada.

Mafundisho hayo si mageni kwetu. Makka ni haramu: mawindo yake hayafukuzwi wala mti wake haukatwi. Mtume (Saw) aliiwekea Madina nayo mipaka ya heshima kama hiyo. Na alilitenga bonde la Naqii kuwa malisho yaliyohifadhiwa kwa ajili ya farasi wa Waislamu, utaratibu ambao Waarabu waliuita hima. Mola alitaka neno hilo lifike hadi kwenye ndimi zetu, kwani ndilo la shina moja na himaya. Tunaposema kisiwa kiko chini ya himaya, tunatamka neno lenye historia katika dini yetu.

Tena yapo mapokezi ya Abdullah bin Mas'ud (Ra), aliyoyapokea Abu Daud, kwamba masahaba wakiwa safarini walimuona ndege mdogo na makinda yake mawili, wakayachukua makinda. Mama yao akaja akitandaza mbawa kwa uchungu. Mtume (Saw) alipofika akauliza ni nani aliyemtia huzuni kwa ajili ya wanawe, akaamuru arudishiwe. Tazameni: Mtume wa Allah, mwenye umma mzima mabegani, alisimama kwa ajili ya huzuni ya ndege mmoja. Nami nilimsukuma kwa kasia.

Labda msomaji atauliza: je, kilichokwisha kuharibika kinaweza kutengenea? Hapo ndipo historia ya Cousin inaponipa matumaini.

Kisiwa kile hakikuwa pepo ya ndege daima. Kilikuwa shamba la minazi. Msitu wa asili ulifyekwa, minazi ikapandwa mpaka ikafunika karibu kila mahali. Kulikuwa na ndege mmoja mdogo mwimbaji, wa rangi ya hudhurungi, asiyepatikana popote duniani isipokuwa Shelisheli. Kufikia miaka ya 1960 alikuwa amebaki Cousin peke yake, na idadi yake haikufika 30. Fikiri, ndugu msomaji: umma mzima wa viumbe, na kwa mujibu wa Suratul An'aam ndege nao ni umma kama sisi, umebaki wachache kuliko wanafunzi wa darasa moja la madrasa.

Mwaka 1968 shirika la kimataifa la kuhifadhi ndege, ambalo leo linaitwa BirdLife International, lilikinunua kisiwa kwa michango ya watu ili kisilimwe tena. Walichofanya baada ya kukinunua ni kuondoa mikono. Miche ya minazi iliyokuwa ikiota ovyo ilikatwa, miti ya asili ikaachwa ijirudie yenyewe. Mwaka 1975 sheria ya nchi ikakifanya hifadhi maalumu, na siku hizi kinasimamiwa na taasisi ya wananchi wenyewe, Nature Seychelles. Yule ndege mwimbaji akaongezeka hadi kisiwa kikamtosha. Mwaka 1988 wakachukuliwa 29 na kupelekwa kisiwa cha Aride, na baadaye wengine wakapelekwa visiwa vingine. Leo wanahesabiwa kwa maelfu. Ndege wa bahari walirejea kwa wingi. Ng'amba, ambaye kwa karne nyingi aliuawa kwa ajili ya gamba lake la kutengenezea vitana na mapambo, hupanda pwani ile kutaga mchana kweupe, naye ameongezeka sana.

Waliofanya hayo wengi wao si wa dini yetu. Lakini mtu anayetoa mali yake ili kitu kibaki na kisinufaishe mfuko wa yeyote, sisi tunaijua sura ya amali hiyo. Katika vitabu vyetu ina mlango wake, nao ni mlango wa wakfu. Inanihuzunisha kuwa elimu tunayo na mfano unatoka kwa wengine.

Hata hivyo nasi si watupu. Pemba tuna Misali, kisiwa ambacho wazee wanasema Nabii Khidhri alikifanya mfano wa mswala. Kiliwekwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1998, na masheikh wa Pemba walishiriki kuwafundisha wavuvi kwamba kuilinda bahari ni amana ya dini. Karibu na mji wa Unguja kuna Chumbe, hifadhi tangu 1994, ambako mnara wa taa wa zamani una msikiti mdogo ubavuni mwake. Kaskazini ya Lamu, visiwa vidogo vya Kiunga hupokea buabua wanaokuja kutaga. Familia isiyo na uwezo wa kufika Shelisheli isidhani imekosa kitu. Mlango wa kujifunza uko karibu.

Mkijaaliwa kuwapeleka watoto katika mahali kama hapo, wazazi wenzangu, nawausia machache. Waelezeni kabla ya kuondoka kwamba wanakwenda kuwa wageni katika nyumba yenye wenyewe, na mgeni hupiga hodi na hakai pasipo idhini. Muwakunjulie mikoba yao na kuikung'uta. Wapite njiani, kwa kuwa hawajui kilicho chini ya ardhi. Ndege akianza kupiga kelele au kuinuka, rudini nyuma, kwani yai lililoachwa juani huharibika kwa muda mfupi na kinda lisilo na mlinzi huliwa. Wasiondoke na unyoya wala kombe. Na wafundisheni kutazama kwa muda mrefu, mikono ikiwa nyuma ya mgongo, kama alivyonifundisha mjukuu wangu.

Nimalizie kwa jambo lililotokea baada ya kurudi nyumbani. Ninaye mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ambaye ni mvuvi na hufika Fungu. Nilimwita, tukanywa kahawa, nikamwambia habari za Cousin na za makapu yangu manne. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema, “Mjomba, maneno yako nimeyasikia. Lakini nikiyaacha mimi, atayachukua wa chombo kingine. Nitakuwa nimepata nini?”

Hoja hiyo si ya kipuuzi. Ana watoto watano, na mafuta ya mashine hayangoji. Nilimjibu kwamba akiwa na njaa ya kweli sina la kumwambia, na samaki wa bahari Allah amemhalalishia. Lakini akichukua kwa sababu tu mwenzake atachukua, basi ajiulize swali la bibi yangu, ambaye ni bibi wa mama yake pia: nyumbani kuna njaa gani? Nikamsomea aya ile ya Suratul Maida, nikamwambia kwamba pale Fungu hakuna mlinzi, hakuna boti ya serikali, hakuna jicho la mtu. Kwa hiyo pale ndipo mahali hasa pa kujulikana ni nani anayemcha Mola wake bila ya kumuona.

Hakunijibu. Alimaliza kahawa, akaniaga. Wiki mbili baadaye, baada ya swala ya Magharibi, alinisogelea msikitini na kuniambia kwamba alikuwa amekwenda, akafunga chombo chake kwa mbali na kuvua, na hakushuka. Wa chombo kingine walishuka. “Nimewaona,” akasema, “nikaumia. Zamani sikuwa naumia.”

Nikamwambia kuumia huko ndiko mwanzo wenyewe. Ijumaa ijayo, Inshaallah, yeye nami tutakaa na wavuvi wenzake barazani. Hatuendi kuwahukumu, mwenye makapu manne hana uso wa kuhukumu. Tunakwenda kuwauliza kama tunaweza kukubaliana, sisi kwa sisi, kwamba kuna msimu ambao hatushuki. Sijui watasemaje. Tuombeeni dua.

Mola wetu atusamehe tulivyovichukua pasi na haja, ailainishe mioyo yetu kwa viumbe Vyake, na awajaalie watoto wetu kuwa wenye mikono inayojua kurudi nyuma.

Wabillahi tawfiiq.